Sumu Isiyoogopa Moto

Siku ya tatu mama aliamka mzima, akaomba kiporo. Juzi usiku na jana kutwa alitapika na kuharisha hadi macho yakaingia ndani. Leo anafunga kitenge kiunoni aende kupalilia tangawizi. Jamani, nilichoka!

"Mama, hujapona," nilimwambia. "Uyoga ule uliokula ndiyo tabia yake. Unakuangusha, unakuacha upumue kidogo, kumbe sumu inakula ini kimyakimya."

"Niliuchemsha, nikamwaga maji ya kwanza. Na konokono alikuwa ameula, mbona hakufa?"

Miaka kumi na moja nafundisha kemia pale Same, sijapata mwanafunzi mbishi kama Dorkas, mama yangu mzazi. Nilichukua mkaa nikamchorea sumu yenyewe sakafuni: vipande vinane vimeshikana duara, kama shanga zilizotungwa. Nikamweleza kwamba moto haukati uzi ule, wala tumbo haliusagi. Kwamba konokono ana mwili wake nasi tuna wetu. Nilirudia mara tatu, sauti ikipanda.

"Umenichafulia sakafu, Mwalimu," akasema.

Nilitaka kulia. Jana mvua ilizuia gari kupanda huku kijijini Mamba. Leo limefika, dereva anapiga honi, hospitali kubwa iko mbali, na mimi nabishana na mtu anayecheka! Kemia yangu yote haikumsogeza hata hatua moja. Nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, naogopa. Sina mwingine."

Kicheko kikamkauka. Akaingia chumbani, akatoka na gauni lake la kanisani. Nikamfungulia mlango wa gari. Hatimaye nimeshinda, nikajisemea.

"Tumpitie Priska," akasema akijiweka sawa kitini. "Na wenzangu wengine wa kikundi. Nao waliumwa usiku uleule."

"Walikula?"

"Si ilikuwa siku ya msaragambo, kikundi kizima tunazibua mfereji? Niliwapikia sufuria nzima."

Tangu jana nilikuwa nikifundisha tu. Sikumuuliza alikula na nani.

"Mbona umebadilika hivyo, baba? Asubuhi nimewasikia wakipita kwenda shamba, wanaimba. Wamepona wote."

"Wako wangapi, Mama?"

Akaanza kuwataja, akikunja kidole kwa kila jina. Mkono wa kwanza ukaisha, akahamia wa pili.