Maneno Yote ya Dis

…na hilo tena, disappointment, amelitema na povu la sabuni likaruka likamwingia Kitinda jichoni, wembe umesimama hewani, maana ukimnyoa mtu anayesema neno refu kiasi hicho kidevu chake hupanda na kushuka kama mtu aliyepotea kwenye ngazi, Kitinda akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, akasema, "Baba, tulia, nitakukata," akijua hatulii, hakutulia jana wala juzi, tangu kiharusi kimwangushe na kumwinua na nusu ya uso imelegea kama nguo iliyokosa kibanio baba hajasema neno la Kiswahili hata la dawa, si maji, si njaa, si mwanangu, ila hayo tu, ya Kiingereza, marefu kama foleni ya benki, na yote yanaanza na herufi zilezile, d, i, s, dis hili, dis lile, kana kwamba nyumba nzima imeungua kichwani mwake na kilichookolewa ni kabati moja la vyombo visivyotumika… na simu pale dirishani imefunguliwa sauti, kaka yake ananguruma toka mjini kwake, "Amesema nini? Ndilo lile la Jumapili?" "Silo," Kitinda akajibu, "hili jingine," "Lipi?" "Disappointment," "Maana yake?" haya, mtu mzima, meneja wa ghala, ana tai na gari la kazi, anauliza maana ya disappointment, hajui au anataka tu kulisikia likitoka kinywani mwake yeye Kitinda, kitindamimba, ambaye ndiye neno lenyewe limevaa kanga, kwani nani katika ukoo huu alitarajiwa ashike chaki baada ya baba yake akaishia kushika chanuo, nani aliambiwa siku anafungua saluni kwamba vichwa vya watu husukwa ndani, si nje… na mzee hatazami ukuta, hatazami simu, anamtazama yeye, kwa lile jicho zima, analisema kisha anasubiri, anasubiri limwingie, akiona halijamwingia vya kutosha analirudia, na akiletewa uji ni dissatisfaction, kutoridhika, asante nawe baba kwa kushukuru, na akibadilishiwa shuka ni disgracefulness, aibu tupu, aibu ya nani, ya aliyelowesha au ya anayefua, na siku alipohamisha kitanda ili jua limfikie mzee miguuni ilikuwa disorganization, mvurugiko, akalisema mpaka adhuhuri, Kitinda akatoka nje akapiga ndoo teke, ndoo ikapasuka, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akasema, "Pole mwanangu, lakini baba yako hata akiugua ni msomi," kana kwamba ndicho kilichokuwa kinahitaji kusemwa.

"Kitinda, upo?" kaka anaita, yupo wapi kwani, si yupo hapa na wembe mkononi na wateja wamejipanga saluni, mmoja ni bibi harusi mtarajiwa aliyeachwa na nusu kichwa jana jioni, "Nipo, kaka, sema," na kaka anasema, analizunguka, kaka hana neno asilolizunguka, tangu ile Jumapili mzee aliposema disinheritance, kunyimwa urithi, hilo alilijua, hakuuliza maana, yakaanza maswali, alikuwa anamtazama nani aliposema, alinyoosha kidole, alirudia mara ngapi, kulikuwa na shahidi, urithi gani jamani, nyumba ya bati lililooza na kiwanja ambacho mbuzi wa watu wanakifahamu kuliko wenyewe, lakini kaka ameshaongea na wakili, na sasa huruma imemshika ghafla, "Mimi naona nije nimchukue, dada, umechoka, hapa kuna chumba cha uani, tutatafuta mtu wa kumwangalia, na wakili yuko jirani kama mzee atataka kusema lolote," kusema lolote! asiyeweza kusema uji ataweza kusema mbele ya wakili… na ukweli ni kwamba jibu analo, analo toka alfajiri, amelala nalo na kuamka nalo, njoo umchukue, ni maneno mawili tu, hayana hata dis, njoo umchukue nami nikalale siku moja bila kuhukumiwa kwa Kiingereza, na ulimi umeshalipanga, na midomo imeshafunguka, ndipo mzee akasema tena, "Disappointment," na kidole chake cha mkono ule mzima kikagonga mkono wa kiti, ko, kikatulia.

Ko… anagonga kila mara, si mara ya kwanza, amekuwa akigonga siku zote hizi na yeye alidhani ni mshtuko wa neva, muuguzi wa mazoezi alisema mishipa hushtuka, alisema pia yale yaliyozama zaidi ndiyo hutangulia kurudi, Kitinda akacheka kimoyomoyo siku ile, yaani kilichozama zaidi kwa baba ni kutoridhika… lakini ko hii haishtuki, ko hii anaijua, ni rula juu ya meza ya mbele, vumbi la chaki likiruka, darasa zima limesimama, na yeye Mwalimu kwa suti yake ya rangi ya udongo anasema maneno ni ukoo, ukimfahamu babu hutapotea kwa wajukuu, leo tunamtembelea babu Dis, mkataa kila kitu, "Disobedience!" ko, na darasa, "Ukaidi!" "Dishonesty!" ko, "Udanganyifu!" na yeye Kitinda dawati la mbele kabisa midomo kaifunga, kwa kuwa nyumbani alikuwa mwanangu na pale alikuwa wewe wa mbele, basi wewe wa mbele hasemi, na baba akilisema neno na darasa likanyamaza alifanyaje, alikasirika? hakukasirika, alilirudia, alilirudia na kugonga na kusubiri, mwalimu gani huenda neno la pili wakati la kwanza halijajibiwa… ee Mungu wangu, hajibiwi, tangu alipoanguka hajajibiwa na mtu, anasimama mbele ya darasa bubu kutwa kucha, uji unaletwa, shuka zinabadilishwa, jirani anampa pole, na hakuna hata mmoja anayemwambia maana.

"Kuvunjika moyo," Kitinda akasema, sauti ikatoka ndogo, ya dawati la mbele, na mzee akafumba jicho, akalifumbua, kidevu kikashuka kidogo kwenye povu, basi, hakuna zaidi, neno halikuwa la kumhukumu yeye hata kidogo, "Dissatisfaction," ko, "Kutoridhika," kidevu kikashuka, "Disorganization," ko, "Mvurugiko, baba," na kaka dirishani, "Mnafanya nini huko? Kitinda!" "Disinheritance," ko, "Hilo! Hilo hilo! Amelisema! Anamtazama nani?" "Kunyimwa urithi," Kitinda akasema, akimjibu baba na si simu, na kidevu kikashuka vilevile kama kilivyoshukia mvurugiko, bila uzito, neno la nne kwenye foleni, na akataka kucheka na kulia, wakili wa watu kalipwa kwa ajili ya zoezi la darasani… "Disingenuousness," akasema mzee, ko, na Kitinda akafungua mdomo, hamna kitu, dis ni kukataa, hilo sawa, babu yule yule, lakini kinachokataliwa ni nini, akalitafuta huku na huku, pengine siku lilipofundishwa alikuwa anaangalia nje, na kaka naye anasema, "Nakuuliza kwa mara ya mwisho, nije nimchukue au nisije?" na sabuni inakaukia shavu la pili, na mzee anasubiri.

"Hili silijui, baba," akasema, "niambie wewe," akainama kidogo ili jicho lile limwone vizuri, kama zamani darasani anayesema sijui alivyoambiwa maana polepole na kwa upole… jicho lilizunguka usoni pake, kwenye paji, kwenye midomo, likatafuta, likarudi, na ndani yake hapakuwa na mwalimu, palikuwa na mtu anayeuliza, hajui, hakuwa anasahihisha, hakujua hata moja ya yale yote, kuvunjika moyo, kutoridhika, alikuwa ameyashika maganda matupu siku zote hizi akimpelekea yeye, yeye na si mwingine, ayajaze, na kila alipojibiwa sasa hivi kidevu kilichoshuka kilikuwa kinapokea… "Kitinda!" simu ikasema, "Nije?" na yeye amemshika baba yake kidevu kwa vidole viwili, wembe uko hewani, maji kwenye kikombe yamepoa, na wote wawili hawalijui neno lile, wanatazamana, wanalingoja.