Kumnywesha Mgeni

Farasi wa sita aliingia dukani Jumatatu asubuhi, mshona mapazia akibishana na mteja kuhusu bitana. Aliusukuma mlango kwa kichwa, akangoja mteja asogeze kigari cha mtoto, kisha akapita na kwenda kusimama kati ya majora ya mahameli na fimbo za pazia. Mteja alimtazama, akasema rangi ile ndiyo aliyokuwa anaitafuta tangu mwanzo, hudhurungi isiyo na wekundu. Wakamkaribia na vitambaa vitatu, wakavilinganisha na shingo yake, na cha pili kikapendeza. Mteja alipoondoka, mshona mapazia alichukua beseni akaenda kuteka maji.

Farasi hawa walitoka kwenye mchezo wa simu. Mchezo wenyewe ni wa mbio: unapewa farasi mmoja bure, unamlisha, unamfundisha, unamwingiza uwanjani kushindana na farasi wa watu usiowajua. Pembeni kuna ukumbi wa maandishi ambao wachezaji wanauita baraza, na humo ndimo wanamopiga soga, kutambiana na kukaribisha wageni.

Mgeni alikaribishwa vizuri mno. Aliulizwa hali, alisifiwa farasi wake hata kama farasi mwenyewe alikuwa bado hajajua kukimbia, kisha alishauriwa kwamba kabla ya mbio za kwanza amnyweshe ndoo nzima ya maji. Farasi aliyejaa maji huanza kwa kasi ya ajabu. Huwaacha wote nyuma, na mwenye farasi huko aliko huona kama bahati imemwangukia. Akifika kona ya mwisho farasi husimama, hutanua miguu ya nyuma na kukojoa kwa utulivu, huku wenzake wakimpita mmoja baada ya mwingine. Barazani watu huvunjika mbavu. Jambo hilo waliliita kumnywesha mgeni, na kila mkongwe alikuwa amenyweshwa enzi zake, na kila mmoja alisema halikumdhuru.

Waliodhurika hawakuwepo kusema. Hao waliufuta mchezo siku ileile, na farasi wa kila mmoja, kwa kuwa hakuwa tena na simu ya kukaa, alianza safari kwenda kwa mtu aliyemwambia bwana wake neno la wema. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mshona mapazia aliwahi kuiandikia kampuni yenye mchezo, ikamjibu kwa kumshukuru kwa uaminifu wake na kumpa kofia ya kumvika farasi.

Wote walikuja kwake, maana barazani hapakuwa na mwingine wa kusema neno la wema. Hata yeye hakulisema hadharani. Mbio zikiisha na vicheko vikipoa, alimwandikia mgeni pembeni, mahali ambapo wengine hawasomi, kwamba pole, asijali, hata yeye alinyweshwa. Kisha alirudi barazani na kuendelea na soga. Alijiona mtu mwema, na kwa kweli kati ya watu wale alikuwa afadhali.

Farasi hawakuwa na shida kubwa. Walikula pumba kidogo, na kwato zao hazikugonga sana vigae. Mwenye nyumba alikuja, akawapita, akakagua dari. Afisa wa afya naye alikuja, akaulizia mtungi wa kuzimia moto, akaonyeshwa, akaondoka. Kitu kimoja tu kiliwasumbua watu wa dukani. Kila farasi aliyezunguka kona ya meza ya kukatia vitambaa alisimama pale ghafla, akalaza masikio nyuma na kungoja, kama anayesikia watu wengi wakicheka chumba cha pili. Wifi yake mshona mapazia, mke wa kaka yake, ambaye walishona pamoja, alikuwa akiacha cherehani na kumpapasa farasi shingoni mpaka amalize kungoja.

Baraza lilikuwa na mkuu wake, aliyejiita Kocha. Alisema yeye kazi yake ni kufundisha watu udereva, na huenda ni kweli, maana alipenda sana kuona mtu anakosea. Kocha ndiye aliyechagua nani aingie Zizi la Dhahabu, farasi kumi wanaokimbia mbio kubwa za Jumapili na kutazamwa na kila mtu. Mshona mapazia alilitamani zizi hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alishona mapazia ya watu mchana kutwa, na hakuna mtu aliyewahi kusimama akatazama pazia na kuuliza ni nani aliyelishona.

Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Alikuja mgeni mmoja, mama muoka mikate, aliyeandika polepole na kumalizia kila ujumbe kwa asante. Mshona mapazia alimwonea huruma mapema, akamwandikia pembeni kabla ya mbio: nusu ndoo inatosha, usizidishe. Muoka mikate akanywesha nusu ndoo na akashika nafasi ya tatu. Barazani hakuna aliyecheka. Kisha Kocha akaandika kwamba humu kuna mtu ana mdomo, na kwamba mgeni mwingine akija na nusu ndoo, atajua ni nani, na huyo mtu Zizi la Dhahabu atalisikia kwenye bomba.

Mgeni aliyefuata alikuwa baba yake.

Mzee aliishi peke yake mji mwingine tangu mkewe afariki. Alikuwa mwendesha kreni mpaka alipostaafu, mtu wa kusoma maelekezo yote kabla ya kugusa kitu. Yeye na binti yake walipendana bila kuwa na la kuongea. Simu zao zilikuwa za habari za mvua, habari za magoti, haya basi, wasalimie. Siku moja binti, kwa kukosa la kusema, alimsimulia habari za farasi wake, na mzee akauliza swali, kisha lingine, na walipokata simu masikio yao yalikuwa yamepata moto. Wiki hiyohiyo akaingia kwenye mchezo. Tangu hapo alipiga kila jioni, na mshona mapazia alijikuta anaingojea simu ile huku amekwisha kuvuta kiti. Jambo moja tu alimwomba baba yake, asimtaje barazani kuwa ni binti yake, kwa kuwa huko watu hutumia majina ya mchezo. Mzee alisema ameelewa.

Farasi wa mzee alikuwa jike wa kijivu mwenye mguu mmoja mweupe chini, kama aliyevaa soksi. Alimpa jina la Kinanda.

"Mama yako nilikuwa namwita hivyo tukiwa wawili," alisema kwenye simu. "Alikuwa haachi kuimba chini kwa chini. Akipika anaimba, akikasirika anaimba."

Mshona mapazia hakuwa amelijua jambo hilo. Miaka yote aliyoishi nyumbani alisikia mama yake akiimba na hakuwahi kusikia jina.

Ijumaa mzee alikaribishwa barazani kwa heshima zote. Kocha mwenyewe alimwita mzee wetu. Jioni simu ikaita, mshona mapazia akiwa anakunja mapazia ya hoteli, wifi yake anayapachika pete za kutundikia.

"Wananiambia kesho nimnyweshe ndoo nzima," mzee alisema. "Maelekezo ya mchezo hayasemi hivyo. Wewe mwanangu unasemaje?"

Aliwaza kwamba ni mchezo tu. Aliwaza kwamba baba yake amepitia makubwa kuliko farasi kukojoa, kwamba atamweleza yote kesho hiyohiyo na watacheka pamoja. Alimuona Kocha, ambaye hajawahi kumuona, akihesabu ndoo.

"Wao ndio wazoefu, baba," alisema. "Wasikilize."

"Haya. Mimi nakusikiliza wewe."

Wifi yake alikuwa amesikia. Alimuuliza kama yule si baba, na mshona mapazia akajibu kwamba ndiye. Wifi akarudi kwenye pete zake, na kwa kuwa alizipachika kwa hasira, pazia lile lilibidi lifumuliwe baadaye.

Mbio zilikuwa Jumamosi mchana. Mshona mapazia alizitazama simu ikiwa imelazwa chini ya meza, mteja mbele yake akichagua kati ya meupe mawili yaliyofanana. Kinanda alitoka kama upepo. Mzee, ambaye hakuwahi kuandika barazani zaidi ya salamu, akaandika: Mwoneni anavyokwenda. Akaandika tena: Twende, mama. Binti yake aliyasoma maneno hayo. Kwenye kona ya mwisho Kinanda akasimama.

Walipomaliza kumpita, Kocha aliandika kwamba kinanda kimevuja. Vikaanza kuja vile vikatuni vya kucheka, kimoja kwa kila mkongwe, vinapanda juu kwa mstari. Kocha alikuwa na kawaida ya kutazama ni nani hajacheka. Mshona mapazia akabonyeza kikatuni chake, naye akacheka.

Aliyeandika neno alikuwa muoka mikate. "Mwacheni mzee wa watu. Mmemdanganya wenyewe, kisha mnamcheka." Kocha akamfungia mdomo barazani kwa mwezi mzima, na soga ikaendelea.

Jioni ile mzee hakupiga simu. Binti naye hakupiga, akijiambia anampa nafasi. Jumapili aliona jina la baba yake limefutika, akajua farasi yuko njiani. Basi akafungua duka ingawa haikuwa siku ya kazi. Alisogeza majora ya mahameli, akafagia, akaweka pumba kwenye beseni jipya. Wale sita aliwabana upande mmoja ili Kinanda apate mahali pa peke yake karibu na dirisha. Alipanga maneno ya kumwambia baba yake: farasi wako ninaye, njoo umwone, kaa hata wiki moja. Barabara inayotoka mji wa mzee ilipita mbele ya duka, kwa hiyo akaufungua mlango wazi na kukaa kizingitini.

Kinanda alitokea alasiri, upande wa kituo cha mafuta. Alitembea kando ya barabara bila haraka, na mahali pa kuvuka alingoja magari pamoja na watu wengine. Mshona mapazia alisimama. Alimwita kwa jina, sauti yake mwenyewe ikamshangaza, kwa kuwa lilikuwa jina la mama yake. Farasi alifika mbele ya mlango, akageuza kichwa kidogo, akawaona wale sita ndani, akamwona na yeye. Kisha akapita. Alipita duka la miwani, akapita kinyozi, akakata kona. Soksi nyeupe ilikuwa imechafuka kwa vumbi la safari.

Mshona mapazia alibaki amesimama mpaka kinyozi akamuuliza kama anangoja mtu. Kulikuwa na farasi sita ndani ya duka lake, wote wamemjia kwa sababu ya maneno mawili matatu aliyowaandikia watu asiowajua, na huyu mmoja hakuwa na sababu ya kuingia. Aliona aibu ya kumtosha, akafunga mlango.

Alimpigia baba yake siku iliyofuata.

"Farasi wako alipita hapa, baba."

"Najua. Yuko kwa muoka mikate. Amefika salama." Mzee alikohoa. "Analala karibu na tanuri, anapata joto. Yule mama tulipeana namba kabla sijaufuta mchezo; alinipigia jana jioni kunipa habari zake, na anasema atapiga kila jioni."

"Baba, mimi nilikuwa nataka kukwambia mapema..."

"Nilikuona," mzee alisema. Hakuipandisha sauti. "Jina lako lilikuwepo pale. Ukacheka."

"Walicheka wote."

"Hao wengine sikuwauliza."

Mshona mapazia alitaka kuomba radhi na hakuomba. Mzee ndiye aliyemwokoa. Aliulizia mvua. Alisema kwake haijanyesha. Magoti hayajambo kidogo. Haya basi, wasalimie. Tangu siku hiyo waliongea mara moja kwa wiki, kwa adabu, na hakuna aliyetaja farasi tena.

Kocha hakuwa mtu wa kusahau fadhila. Mshona mapazia aliingizwa Zizi la Dhahabu, akapongezwa na baraza zima, akakimbia mbio kubwa Jumapili na kushika nafasi ya saba. Hakuna aliyeuliza ni farasi wa nani.

Wiki iliyofuata alikuja mgeni mwingine, akajitambulisha kuwa ni fundi bomba, na wakongwe wakafurahi kupita kiasi. Walimkaribisha, wakamsifu, wakamshauri. Mshona mapazia aliandika barazani kwamba mwacheni huyo, nusu ndoo inatosha. Aliyasoma maneno yake mara mbili, akayafuta kabla ya kuyatuma. Farasi wa fundi bomba alianza vizuri ajabu. Kwenye kona ya mwisho alisimama, na vikatuni vikapanda, na kimoja kilikuwa cha mshona mapazia.

Vicheko vilipopoa alimwandikia pembeni kwamba pole, asijali, hata yeye alinyweshwa. Alingoja jibu huku akikata bitana. Kisha akamwita wifi yake waje wasogeze majora, kwa sababu fundi bomba hakujibu, na mtu asipojibu farasi wake huwa ameshatoka.