Kijiko Kimoja Kila Asubuhi

Brashi iligusa ubavu tu, Shaba akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kwato zikapiga ubao wa banda, na mtunza farasi akajikuta amebanwa ukutani, kofia chini, roho mkononi.

"Umeona, daktari?" alisema mama mwenye farasi, naye kasimama mlangoni kwa usalama wake. "Mwezi wa pili huu. Hataki brashi, hataki tandiko. Nampa wiki tatu. Akiendelea hivi, yule mnunuzi anayemtaka aje amchukue."

Mtunza farasi aliokota kofia yake. Shaba alizaliwa mikononi mwake, miaka tisa iliyopita, miguu ya nyuma ikitangulia. Wazo la kumwona akipandishwa lori la mtu mwingine lilimuuma, lakini hakuna aliyemuuliza.

Daktari wa mifugo, mwanamke kijana asiyependa haraka, alitoa kopo mkobani. "Hii ni magnesiamu. Ni madini, misuli na neva zinayahitaji. Huenda nyasi anazokula zina upungufu. Siahidi kitu, lakini tujaribu. Kijiko kimoja kila asubuhi kwenye pumba. Na pumba uilowanishe kidogo, mzee."

"Kijiko cha chai au cha mezani?"

"Kile kilichomo kwenye kopo."

"Kikizidi je?"

"Ataharisha, na utakayefagia ni wewe."

Mtunza farasi hawakumwita Maswali bure. Hata daktari alipoondoka, alichovya kidole kwenye unga ule mweupe akaulamba ili ajue anampa mwenzake kitu gani. Mwanzo uchungu, halafu ladha ya chaki.

Habari ya kulowanisha, hata hivyo, iliingia sikio hili ikatokea lile. Miaka thelathini ya kazi hii hajampa farasi pumba mbichi. Pumba mbichi huchacha, na iliyochacha humsokota farasi tumbo; hayo aliyajua kabla daktari hajaota meno. Akanyunyiza unga juu ya pumba kavu, ili pia auone kwa macho yake ukiliwa. Kisha akapindua ndoo, akakaa.

Zamani alikuwa akimimina pumba na kukimbilia kihori kinachofuata, maana farasi walikuwa sita na wote wana njaa. Sasa alikaa mpaka Shaba amalize. Shaba naye alikuwa na mazoea yake: kwanza anapuliza kihorini, pfuu, kama mtu anayepoza uji, ndipo anakula. Maswali akimtazama alimuuliza hili na lile. Unga mchungu, sivyo? Goti limepona? Jana nani alikutisha? Shaba alitafuna, sikio moja likimwelekea.

"Siku hizi mimi nakunywa chai peke yangu," mkewe alimwambia wiki ya pili. "Farasi ndiye anayesindikizwa kila tonge."

"Ni kazi, mama. Nahakikisha anakula dawa."

"Basi mwambie daktari aniandikie na mimi."

Wiki ya tatu ilipotimia, Maswali aliweka tandiko mgongoni mwa Shaba. Shaba alishusha pumzi ndefu, akasimama.

Mama mwenye farasi alifurahi waziwazi. "Dawa imefanya kazi. Mnunuzi nitamwambia asije. Na wewe, Maswali, Jumatatu hamia banda la juu, nimeleta farasi wapya wakorofi. Kijiko cha unga mtu yeyote anaweza kukiweka."

Alisema ahsante. Furaha ilimjaa, ila ilikuwa na mwiba ndani yake, na bado alikuwa akiutafuta mwiba huo pale hatamu ilipomponyoka ikaangukia nyuma ya kihori. Akakivuta kihori. Kati yake na ukuta palikuwa na rundo la unga mweupe, limefichwa na weupe wa chokaa ya ukuta. Alichovya kidole. Uchungu, halafu chaki.

Akinyamaza, Jumatatu Shaba atalishwa na mtu mwenye haraka zake. Akisema kwamba dawa haikuliwa, ataonekana mkaidi, na lori linaweza kuitwa tena. Mwishowe udadisi ulimshinda, au labda ni mapenzi. Akampigia daktari simu.

Daktari alifika mchana huohuo, akachuchumaa mbele ya lile rundo. "Nilikuambia ulowanishe."

"Uliniambia."

"Kumbe alikuwa anaupuliza wote. Sasa ametulizwa na nini?"

Maswali, aliyezoea kuuliza yeye, alijifuta unga kidoleni. Daktari alitazama huku na huku, macho yakatua karibu na kihori.

"Ndoo hii ni ya nini?"

"Ya kukalia. Akila."

Daktari alimtazama yeye, kisha ndoo. "Kesho lowanisha unga na pumba. Na wewe usikae. Tuone."

"Akiharibika je?"

"Tutakuwa tumejua. Mama nitamweleza mimi, vyovyote itakavyokuwa."

Asubuhi iliyofuata alilowanisha pumba, moyo ukimsuta kwa miaka yake thelathini. Akaimimina, akatoka, akasimama na daktari nyuma ya mlango, jicho kwenye ufa.

Shaba alipuliza. Safari hii hakikuruka kitu. Akala tonge la kwanza, la pili, la tatu, na unga ukienda nalo.

"Anakula," daktari alinong'ona.

Kisha Shaba akaacha kutafuna. Aliinua kichwa, pumba ikimdondoka mdomoni, akaitazama ndoo iliyopinduliwa mahali pake, bila mtu juu yake. Alishusha pua akainusa, akaisukuma kidogo kuelekea mlangoni. Akasimama akingoja.

Maswali alilishika komeo la mlango kwa nguvu, asije akaingia.