Kasha Lisilo na Mlango

Kipkirui na Ojwang walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na kiwanda kizima kilijua sababu. Mwaka 1995 mashine ya kusaga majani ya chai ilimkata Molly, mke wa Ojwang, vidole viwili akichokoa majani yaliyokwama. Kipkirui, msimamizi wa zamu, hakuruhusu mashine izimwe kwa jambo dogo kama kuchokoa. Mkuki kwa nguruwe!

Mkaguzi wa serikali alipoamuru mashine ifunikwe, meneja alimwita Ojwang, maana katika mji mzima wa Kapsoit ni yeye pekee aliyeweza kuchomelea stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Alipima, akakata, akakunja kwa siku tisa. Kasha la kuifunika mashine likafungwa kwa bolti nane, bila upenyo wa kutia hata kijiti. Majani yakikwama, sharti mashine izimwe kwanza. Molly, baada ya kupona, alikuwa anarudi kwenye mashine hiyo Jumatatu, na Ojwang alikuwa ameapa kwamba vidole vinane vilivyobaki vitabaki vinane.

Jumatatu asubuhi Kipkirui alilizunguka kasha mara mbili.

"Mlango iko wapi?"

"Hakuna."

"Na majani ikikwama?"

"Unazima mashini."

"Nizime kila saa? Kata mlango hapa!" Akagonga ubavu wa kasha, pale hasa mkono wa Molly unapofika.

"Kata mwenyewe," Ojwang akasema. Akatia grinda yake ya kukatia chuma guniani, akalikalia gunia.

Kipkirui akaagiza mtungi wa gesi ya kukatia chuma. Bolti zikafunguliwa, kasha likatolewa uani, kwa kuwa chai hunyonya moshi upesi. Ojwang alijua kwamba gesi hukata chuma cha kawaida, lakini stenlesi huiunguza tu. Angeweza kusema. Hakusema, kwa sababu alitaka sana kumwona mtu yule akiaibika.

Na aliaibika kweli. Moto ulivuma, chuma kikawa chekundu, kikavimba, kikabaki na kovu jeusi lisilo na tundu. Wafanyakazi walitazama bila kucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Umeweka nini hapa, wewe mtu ya Kisumu?"

"Stenlesi. Si ndiyo mliagiza?"

Kipkirui akatupa bomba la gesi chini. "Basi ikae hapo nje! Mashini itembee wazi. Mama Seth, ingia kazi!"

Mashine ilikuwa uchi, na Molly alikuwa ameitwa kwa jina la mtoto wake na Ojwang aende akasimame mbele yake.

Molly hakusogea. Aliyesogea ni Chepkurui, mama mdogo wa Kipkirui, mchambuaji wa majani tangu kiwanda kifunguliwe.

"Kipkirui, mimi nilikuogesha ukiwa mtoto. Weka wewe mkono kwanza, sisi tuone."

Wanawake wote wakakunja mikono. Kipkirui alimtazama mama yake mdogo, akautazama mkono wake, kisha akachukua spana. Kasha likarudishwa na kovu lake, naye akakaza bolti zote nane peke yake, akitukana kwa Kikipsigis.

"Usikanyage hapa tena," akamwambia Ojwang.

Ojwang akaenda kwa Molly akitabasamu, akitegemea shukrani.

"Ulijua gesi haiwezi kukata," Molly akasema.

"Nilijua."

"Na ukaacha wafungue." Akampa mgongo, akainua mkono wenye vidole vitatu, akaiwasha mashine.