Mama Akataa Kuwa Kisingizio

Lucinda Medeiros alitoka chuo kikuu na shahada ya baiolojia na alama za kutia huruma. Wastani wake ulikuwa mbili nukta saba kati ya nne, na mwenye wastani kama huo akisema anataka udaktari, watu humtazama kama kuku aliyetangaza kuvuka bahari.

Alirudi kwa mama yake Fall River, mji wa viwanda huko Marekani, akapata kazi hospitalini ya kusukuma wagonjwa kwenye viti vya magurudumu, na baada ya kazi akawa anarudia masomo yaliyomwangusha. Safari hii alivuna A kwa A. Mtihani wa kuombea shule za udaktari nao aliufanya vizuri. Lakini alama za zamani hazifutwi. Hujumlishwa na mpya, na wastani hupanda mwendo wa konokono. Ikabaki insha ya kujieleza, ile inayoambatana na maombi.

“Mama yako aliugua saratani ukiwa chuoni, sivyo?” aliuliza Bwana Hathorne, mshauri wa wanafunzi.

“Ndiyo, lakini alipona.”

“Basi andika hilo. Wakisoma watalainika.”

Akaandika. Jumapili akamsomea mama yake, Odília, aliyekuwa jikoni akikatakata sukuma wiki ya supu. Odília alishona mapazia kiwandani maisha yake yote, na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

“Kumbe nilikuwa hoi hivyo?” alisema. “Mbona mazishini kwangu sikualikwa?”

“Mama, ni insha tu.”

“Niliugua lini?”

“Nikiwa mwaka wa tatu.”

“Na kemia ulianguka lini?”

Lucinda akaikunja karatasi.

“Mwaka wa kwanza, mwanangu. Mwaka huo nilikuwa mzima kama ng'ombe. Nilicheza dansi kwenye sherehe ya Roho Mtakatifu ya Wareno wenzetu mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka. Saratani yangu usiisingizie. Ina makosa yake ya kutosha.”

“Sasa niandike nini? Kwamba nilikuwa mjinga?”

“Sijui. Mimi darasani sikuwapo.”

Lucinda alikaa akitazama mvuke wa sufuria. Sekondari alikuwa wa kwanza bila jasho, na walimu walimsifu hadi akaamini kwamba mwenye akili haulizi. Chuoni, wiki ya pili tu ya kemia, alipotea. Mlango wa mwalimu ulikuwa wazi kwa wanafunzi kila Jumatano. Alikuwa akifika mpaka kwenye ujia, anaona wenzake wamepanga foleni, anageuka kana kwamba amekosea jengo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye aliuficha miaka miwili. Halafu lilikuwapo jambo jingine, ambalo hakuwahi kulitamka.

“Mama, siku uliyonipigia simu kuniambia unaumwa, nililia sana. Halafu nikapata ahueni. Nikajiambia, sasa nina sababu.”

Kisu kilisimama. Odília alimtazama binti yake kwa muda, bila hasira, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

“Mimi pia nilipata ahueni,” alisema mwishowe. “Niliepukana na msimamizi wa kiwanda na kelele zake. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, huku nywele zinanidondoka.” Akasukumia majani kwenye sufuria. “Lete bakuli.”

Lucinda aliandika upya. Hakumtaja mama yake. Aliandika kwamba hakujua namna ya kujisomea na aliona aibu kuuliza, na akaeleza alivyojifunza vyote viwili akiwa mtu mzima, katikati ya zamu za kazi.

“Hii haimlizi mtu,” alisema Bwana Hathorne, akikuna shavu.

“Najua.”

“Haya. Shauri yako.”

Shule nyingi zilimkataa, nyingine hazikujibu kabisa. Moja tu, ndogo, kaskazini katika jimbo la Maine, ilimwita kwenye usaili. Daktari mmoja mwanamke, mwenye mvi na sauti ya chini, aliisoma insha mbele yake tena, taratibu.

“Na siku hizi ukikwama unafanyaje?”

“Nauliza. Aibu bado ninayo, lakini nauliza.”

Yule daktari hakutabasamu wala hakuandika kitu. Lucinda alirudi nyumbani akiamini ameharibu. Wakamweka kwenye orodha ya wanaosubiri, akasubiri hadi akaanza kufikiria kazi nyingine. Katikati ya kiangazi wakampigia simu: nafasi imepatikana. Odília alikuwa wa kwanza kupiga kelele, na majirani walidhani kuna moto.

Matokeo ya jaribio lake la kwanza la anatomia yalitoka mapema msimu wa vuli. Alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Alikwenda kuketi garini, mikono kwenye usukani, na ile hamu ya kale ikamjia yote: kuondoka, kunyamaza, kutafuta wa kumlaumu. Aliiacha imzungukezunguke. Kisha akashuka, akapanda ngazi, akagonga mlango wa mwalimu.

“Mishipa ya fahamu ya bega,” alimwambia mwalimu, hata salamu akaisahau. “Siielewi hata kidogo.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

Mwalimu akavuta kiti cha pili, akachukua chaki. Walikuwa bado kwenye ubao jengo lilipoanza kuwa kimya.