Yesi Ticha

Matanga ya mumewe yalipokwisha, mwalimu wa Kiingereza hakuomba likizo. Wifi yake, aliyehamia kwake kumshika mkono, alimsihi apumzike walau mwezi mmoja. Akamjibu kwamba kupumzika ni kwa mtu aliyechoka, na yeye hakuwa amechoka. Hakuwa na chochote. Alikuwa kama mkono uliolaliwa vibaya: unauona ni wako, unaubonyeza, nao hausemi kitu. Basi akavaa viatu vyake vyeusi, akabeba mkoba, akaenda kufundisha.

Na kufundisha alifundisha. Vitenzi, vihusishi, wakati uliopita, wakati ujao, vyote vilimtoka vyenyewe kama redio iliyosahauliwa jikoni. Darasa la sita lilikaa kimya na kunakili. Mwisho wa kipindi aliuliza kwa Kiingereza kama wameelewa, darasa zima likaitikia ndiyo, kengele ikagongwa, akatoka. Walimu wenzake walipomuuliza anaendeleaje alijibu "nzuri tu", wakashika hilohilo haraka, maana hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa jibu jingine.

Shuleni hapo masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza. Katikati ya mwaka alikuwa ameingia msichana mmoja kutoka shule ya mbali, ambako kila kitu kilifundishwa kwa Kiswahili. Mama yake alikuwa amekwenda kutafuta maisha nchi nyingine, akamwacha kwa mama yake mdogo, fundi cherehani mwenye kibanda nyuma ya stendi. Msichana alikuwa nadhifu, mwandiko wake umesimama wima, na wala hakuwa na makelele. Ukimsemesha kwa Kiingereza alisimama, akatabasamu, akasema, "Yesi, ticha." Ukimuuliza jina, yesi ticha. Ukimuuliza kwa nini amechelewa, yesi ticha. Wenzake hawakukawia kumbatiza jina hilohilo, Yesi Ticha, na wakimwita hivyo aliitika.

Mtihani wa nusu muhula ulipotoka, alikuwa wa mwisho karibu katika kila somo. Mkuu wa shule, aliyependa vikao vifupi kuliko kitu chochote duniani, akawaita walimu wa darasa la sita ofisini kwake.

"Mtoto huyu kichwa chake kizito," alisema. "Tumrudishe darasa la tatu, akae na wa kiwango chake. Atakuwa mrefu kuwapita, lakini tutafanyaje? Mwalimu wa Kiingereza, wewe unaonaje?"

Mwalimu alikuwa akitazama utando uliotanda juu ya chai yake. Alisikia sauti ikipanda mwishoni, jinsi inavyopanda mtu anapouliza kitu. Akainamisha kichwa.

"Sawa," akasema.

"Basi, yamekwisha," akasema Mkuu, na kweli yakawa yamekwisha.

Siku chache baadaye fundi cherehani alimsubiri nje ya darasa, vipande vya nyuzi vimemganda kwenye kanga. Alionekana ametoka kazini mbiombio.

"Pole na msiba, mwalimu."

"Nimeshapoa."

"Sikutaka kukusumbua na mambo yangu. Lakini nimeitwa, nikaambiwa mwanangu anarudishwa darasa la tatu. Na Mkuu kaniambia wewe mwenyewe umekubali."

"Mimi? Nimekubali lini?"

Fundi alimkodolea macho, asijue kama anataniwa. "Mimi nitajuaje, mwalimu? Ndivyo nilivyoambiwa."

Mwalimu alijaribu kukikumbuka kikao kile. Alikumbuka chai. Alikumbuka viti vikivutwa watu wakiondoka.

"Mwanangu si mjinga," fundi akaendelea, akishusha sauti kwa sababu watoto walikuwa wakipita. "Kule alikotoka hakuwa wa kuachwa nyuma. Juzi mteja kaniletea kitambaa pungufu, nikashika tama. Yeye ndiye aliyenipangia nikikate vipi, na gauni likatoka na mikono yake. Sasa mtu wa kichwa kizito anaweza hilo?"

"Nyumbani anasemaje kuhusu shule?"

"Hasemi kitu. Akirudi anajitupa kitandani na sare yake. Nikimuuliza mmesoma nini leo, ananiambia tumesoma vizuri. Nami mjinga nafurahi."

Mwalimu alisubiri aibu imshike. Haikuja. Alichokiona tu ni kwamba kuna kitu kimeharibika na yeye yumo katika kukiharibu, kama mtu anayeona maji yamemwagika sakafuni na tambara liko mkononi mwake.

"Niachie," akasema.

Kesho yake, katikati ya somo, alimgeukia msichana na kumwambia kwa Kiingereza afungue dirisha lililokuwa ubavuni mwake. Msichana akasimama, akatabasamu. "Yesi, ticha." Hakusogea. Macho yake yalikimbia kwa jirani, yakarudi, yakakimbilia ubaoni. Darasa likaangua kicheko, naye akacheka, akiwa amechelewa kidogo. Mwalimu alilitazama tabasamu lile. Alilijua. Kwa majuma mengi watu walikuwa wamemshika mabega na kumwambia maneno mazuri, naye akawatabasamulia na kuinamisha kichwa, wala hakuna neno lililoingia.

Wakati wa mapumziko alimchukua hadi stoo ya vifaa vya michezo, chumba chembamba kilichonuka mpira na vumbi. Wakakaa juu ya magodoro ya kurukia.

"Hapa tunaongea Kiswahili, mwanangu."

Msichana akatazama mlango. Kuongea Kiswahili ndani ya uzio wa shule kulikuwa na adhabu. "Ruksa, mwalimu?"

"Ruksa."

Mwalimu alikuwa na karatasi ya mtihani wa hesabu mkononi. Akachagua swali moja, akalisoma kwa Kiswahili. "Tangi lina lita mia mbili na arobaini. Limetoboka, linavuja lita kumi na tano kila dakika. Litakwisha maji baada ya dakika ngapi?"

Midomo ya msichana ikachezacheza. "Kumi na sita. Lakini mwalimu, hao wenye tangi wanakaa tu wanahesabu? Si wazibe?"

"Mbona kwenye mtihani uliandika mia mbili hamsini na tano?"

"Niliona namba mbili, nikajumlisha. Kuna maswali najumlisha, kuna maswali natoa. Nabahatisha."

"Na mimi nikisema darasani, unaelewa kiasi gani?"

Msichana alifikiri sana, kama anayeogopa kudanganya. "Naelewa kaeni na simameni. Na jina langu. Zamani nilikuwa najua pia ukikasirika, lakini siku hizi hukasiriki."

Mwalimu akaikunja karatasi ya mtihani.

"Kwa nini husemi kwamba hujaelewa?"

"Sijui linavyosemwa."

Nje mtu alikuwa akipiga mpira ukutani. Mwalimu akamtamkia sentensi hiyo kwa Kiingereza, polepole. Msichana akairudia, ikamgonga meno, akairudia tena. Mapumziko yote yakaishia hapo, hawakufanya kitu kingine.

"Ukinambia hivyo, mimi nina kazi ya kufanya," mwalimu akamwambia wakitoka. "Ukinambia yesi, nakwenda zangu nyumbani."

Kisha akamtafuta mwalimu wa hesabu, mtu wa mzaha ambaye wanafunzi walimwita Kokotoa, akamwomba ampime msichana kwa Kiswahili. Kokotoa alicheka, halafu akampima, halafu akaacha kucheka. Wakaenda pamoja kwa Mkuu.

"Lakini ulikubali mwenyewe," alisema Mkuu. "Mbele ya watu."

"Nilikubali kitu nisichokisikia."

Alisema hivyo bila kupandisha wala kushusha sauti. Mkuu akamgeukia Kokotoa.

"Mkuu, hesabu anazijua," Kokotoa akasema. "Asichokijua ni mimi ninavyosema. Na kusema kweli, hata wanaojua Kiingereza hawajui mimi ninavyosema."

Mkuu akapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. "Haya. Abaki la sita mpaka mwisho wa muhula, tumtazame. Lakini hicho Kiswahili chenu kiishie stoo."

Mwalimu akaanza kazi. Kabla ya kila somo aliandika pembeni mwa ubao maneno magumu ya siku hiyo na kuyachorea picha, picha mbaya kupindukia. Ng'ombe wake alifanana na kabati lenye pembe. Alipunguza mwendo wa kusema. Alimhamishia msichana karibu na mwenzake mpole, akawaruhusu wanong'one. Kule stoo walianza na vitu vya kushikika, kamba, ndoo, mpira uliopasuka, kisha wakaenda kwenye kuvuta, kujaza, kupasuka. Wifi yake alipomwona akikata picha kwenye magazeti ya zamani mezani, alidhani mambo yameanza kurudi. Hayakuwa yamerudi. Mwalimu alikata picha kama anayekunja nguo zilizokauka: kwa sababu zilikuwepo.

Asubuhi moja alikuwa akieleza jambo la sentensi mbili zinazounganishwa kuwa moja, na mwishoni akauliza kama wameelewa. Darasa likaitikia ndiyo kwa pamoja. Mkono mmoja ukapanda. Msichana akasimama, mikono ameikumbatia, akaitoa ile sentensi yake ya Kiingereza bila kukosea hata silabi. Sijaelewa.

Kicheko kilikuwa tayari kimeanza nyuma.

"Inameni nyote," mwalimu akasema. "Vichwa juu ya madawati, macho mfumbe. Sasa, mwingine ambaye hajaelewa anyooshe mkono. Hakuna anayekuona."

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ukapanda mkono mmoja karibu na mlango, na mwingine, halafu ikawa kama mtu ameruhusu. Ilipanda zaidi ya nusu ya darasa. Kiranja, ambaye kila siku aliitikia ndiyo kwa sauti kushinda wote, alikuwa ameunyoosha wake hadi bega limepanda. Mwalimu alisimama mbele ya mikono ile na chaki yake. Alijaribu kukumbuka ni tangu lini amekuwa akizifundisha kuta, na hakuweza.

"Bakini hivyohivyo," akasema. "Fumbueni macho."

Wakafumbua. Wakatazamana. Kiranja akaushusha mkono, akawaona wenziwe, akaupandisha tena. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akafuta ubao wote na kuanza upya, na kipindi kikaisha kabla hawajafika nusu.

Tangu hapo wengine nao walikuja wakati wa mapumziko, na stoo haikutosha. Wakahamia ukumbini, Mkuu akanung'unika kuhusu viti kuburutwa, kisha akazoea. Muhula ulipokwisha, msichana alifaulu hesabu na sayansi. Kiingereza alishindwa, ingawa si kwa mbali. Mkuu alisema, "Basi abaki," akageukia jambo jingine. Fundi cherehani alipopewa habari hiyo alikaa chini palepale kwenye ngazi, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akarudi kibandani kwake kwa sababu alikuwa ameacha mteja.

Siku ya kufunga shule, mwalimu alikuwa akipita uani aliposikia ugomvi bombani. Msichana alikuwa amemshika mwenzake ndoo na kumfokea kwa Kiingereza. Vitenzi vyote vilikuwa vimevunjika miguu. Alisema kwamba yeye kuwa hapa wa kwanza, na kwamba huyo mwingine kuja kesho na kuiba foleni. Mwenzake akamjibu, naye akamrudishia, neno juu ya neno, bila kupumua. Foleni nzima ilikuwa imegeuka kutazama.

Ilimpasa kuwaamua. Alisimama tu, akasikiliza. Alikuwa amedhani siku kama hiyo ikifika atafurahi, akaingojea furaha kidogo, isije. Wale wawili wakachoka wenyewe, mmoja akajaza, mwingine akajaza, maji yakawamwagikia miguuni.

Alifika nyumbani jua likingali juu. Wifi yake alikuwa jikoni.

"Za kazi, wifi?" akauliza, kama kila siku.

Mwalimu akafungua kinywa kusema nzuri tu. Badala yake akavuta kigoda, akakaa. "Leo watoto wamegombana bombani," akasema, na akaanza kumsimulia, nani alimshika nani ndoo na nani alisema nini. Wifi alizima jiko ili amsikie vizuri.