Nyongeza ya Wagonjwa

Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya vilima vya Kizuka, na Mwamini alikuwa hajauza hata kata moja. Mafuta yake ya mawese yalikuwa mekundu na safi, na mitungi ameipanga pale pale alipokaa siku zote, kando ya njia iendayo ziwani. Wanunuzi walipita. Wengine walimwamkia kwa upole mno, ule upole wa mtu anayejua anakukosea, kisha wakaenda moja kwa moja mpaka barazani kwa Feruzi.

Mwanahamisi naye akapita, kibuyu kwapani. Huyu alikuwa mnunuzi wake wa miaka mingi, na jirani yake.

"Amahoro, dada," aliamkia bila kusimama sawasawa. "Usinikasirikie. Unajua kule kwa Feruzi iko mutungi wa wagonjwa. Nikinunua kwako, Asiya atakula nini?"

Asiya alikuwa binti wa Mwamini, mtoto wake wa pekee aliyebaki. Mwamini alitaka kucheka, akashindwa. Akamwambia tu, "Haya, pita salama."

Zamani hapakuwa na haja ya kuchagua. Desturi ya soko la Rumonge ilikuwa hivi: mtu akinunua mafuta au chumvi, muuzaji humwongezea kidogo juu ya kipimo, ndiyo nyongeza. Tangu malale, ugonjwa ule wa usingizi, yalipoanza kuwamaliza watu wa kando ya ziwa, hakuna tena aliyeibeba nyongeza yake nyumbani. Kila mtu aliimimina katika mtungi mkubwa uliokaa katikati ya soko, mtungi usio na mwenyewe, na soko likivunjika wanawake wa zamu waliupeleka, pamoja na unga na samaki wadogo wa ndagala, kwenye vibanda vya wagonjwa ukingoni mwa msitu wa Kigwena. Wadachi ndio waliovijenga vibanda vile na kuvizungushia ua wa miti. Waliwatoa wagonjwa majumbani kwa nguvu ya askari. Juu ya watakula nini, hawakusema mengi. Asiya alichukuliwa hivyo hivyo, amesinzia mbele ya kinu na mchi mkononi.

Kisha akaja Feruzi. Mfanyabiashara huyu aliwauzia askari chakula, na serikali ya Mdachi ikaona inafaa kumpa usimamizi wa soko. Jambo la kwanza alilofanya ni kuuhamishia mtungi barazani kwake. Ngoma ikapigwa. Ikatangazwa kwamba nyongeza ya wagonjwa itatolewa dukani kwa Feruzi tu, na kwamba wanawake wasiende tena Kigwena, wasije wakaleta ugonjwa mjini. Watu wake yeye ndio watakaopeleka. Sasa watu wa Rumonge wana huruma, hilo hakuna awezaye kuwanyima. Waliwapenda wagonjwa wao, basi wakaufuata mtungi ulikokwenda.

Mwamini mwenyewe aliamini. Alikaa na mitungi iliyojaa huku akijipa moyo kwamba hasara yake ni shibe ya mwanawe. Aliendelea hivyo mpaka siku ile alipochoka kukisia, akachukua kibuyu kidogo cha mafuta, akakata porini mpaka Kigwena.

Asiya alikuja uani akiburuta miguu. Shingo ilikuwa imevimba, na mikono imebaki mifupa.

"Mama, umeleta mafuta?"

"Si munaletewa?"

"Na nani?" Macho ya Asiya yalikuwa yanafumba yenyewe. "Tunakula muhogo mutupu. Bibi Esha alishindwa kuutafuna. Tumemuzika juzi."

Mwamini alipokipenyeza kibuyu kati ya miti, askari wa zamu, jina lake Idi, akamshika mkono. Hakumpiga. Alikuwa mtu wa mbali, amechoka na kazi ya kulinda watu waliolala.

"Kisichotoka kwa Feruzi hakipiti, mama. Ndiyo amri."

"Na kinachotoka kwa Feruzi kinapita lini?"

Idi alitazama pembeni. "Hilo kamuulize Feruzi."

Kibuyu akabaki nacho Idi.

Mwamini alimkuta Feruzi barazani, wanunuzi wamemzunguka.

"Bwana Feruzi, mutoto wangu hajaona mafuta tangu mutungi uhamie hapa."

Wanunuzi wakageuka kumtazama. Feruzi hakukasirika, watu wa namna yake hawakasiriki mbele za watu. Aliweka kata chini, akajifuta vidole.

"Sema kwa sauti, mama, wote wasikie. Unasema mutungi wa wagonjwa unaliwa?"

"Nasema mafuta hayafiki."

"Na wewe hapa sokoni unauza nini?"

Mwamini alianza kusema, Feruzi akamkatiza.

"Nauliza tu. Unauza nini?"

"Mafuta," mtu mmoja akajibu kwa niaba yake, na wengine wakaguna.

Mwamini aliwatazama. Walikuwa majirani zake, watu waliomzika mumewe, nao wakamwonea huruma kama mtu aliyefumaniwa. Wivu wa biashara! Tena kumtumia binti mgonjwa kwa ajili ya wivu wa biashara! Hata Mwanahamisi aliinamisha kichwa. Hasira ilimpanda Mwamini, tena zaidi kwa kuwa ni kweli aliuza mafuta.

Watu walipopungua, Feruzi alimwita karibu, sauti imekuwa laini.

"Leta mitungi yako hapa, niuze mimi. Nawe utakuwa umewachangia wagonjwa. Nyongeza ya Asiya nitaipeleka kwa jina lake."

Mwamini alijua anaibiwa. Alijua pia kwamba kwa Asiya hakuna njia nyingine ya kufika. Akaibeba mitungi yake, mmoja mmoja, akaishusha barazani kwa Feruzi, na Feruzi akamshukuru mbele ya watu kwa moyo wake mwema.

Siku ya soko iliyofuata daktari wa Kidachi alifika kwa mashua kutoka Usumbura. Mtungi wa wagonjwa ulikuwa umeoshwa na kujazwa mpaka shingoni mafuta ya Mwamini. Daktari aliuzunguka, akautazama, akasema maneno mengi, na mkalimani akayatangaza.

"Bwana mukubwa anafurahi sana. Anasema hajaona kitu kama hiki. Watu wananunua chakula chao, papo hapo wanalisha wagonjwa. Sasa anataka kusikia kwa mutu mwenye mugonjwa kule."

"Iko huyu hapa," alisema Feruzi, akimsogeza Mwamini mbele. Kisha akamwinamia sikioni. "Ukisema vizuri, mutungi unaondoka leo hii. Ukisema vibaya, naufunga."

"Anauliza, mutoto wako anakula?" mkalimani akasema.

Akilini mwake Mwamini alimwona Asiya ameshika miti ya ua. Majirani waliokuwa mbele yake walikwisha mkatalia, tena kwa lugha yao. Huyu mgeni angemwamini kwa maneno ya kupokezwa na mkalimani?

"Anakula," alisema.

"Kwa nguvu, mama. Hakusikia."

"Anakula! Asante, murakoze sana!"

Vigelegele vikapasua soko. Daktari akampa Feruzi mkono, akarudi mashuani kwake, na watu wakasukumana dukani kununua.

Mtungi uliondoka kweli. Wapagazi wawili waliuning'iniza kwenye mti wakauweka mabegani, na watu wakaupisha njia, wengine wakiugusa kwa kiganja na kuwaombea dua wagonjwa. Mwamini aliufuata nyuma, akitembea upesi, na furaha iliyomjaa alikuwa akiionea haya. Wakapita michikichi ya mwisho ya mji. Pale njia inapogawanyika, moja kwenda Kigwena na nyingine kwenda kambi ya askari, wapagazi hawakupunguza hata mwendo. Wakageukia kambini. Moshi wa jikoni ulikuwa unapanda kule, na mtu mmoja aliwapigia mluzi wafanye haraka.

Mwamini alifungua mdomo apige kelele. Akageuka amtafute wa kumpigia.

Mwanahamisi alikuwa anakuja nyuma yake, anahema, kibuyu kimejaa, machozi ya furaha usoni. Alikuwa amemsikia Mwamini, kwa masikio yake mwenyewe, akisema mtoto anakula.

"Dada, unisamehe. Siku ile nilikufikiria vibaya," alisema akimkumbatia. "Leo nimenunua mara mbili. Nyongeza ya pili nimewaambia ni ya Asiya peke yake. Wapagazi wamekwisha fika kwake?"